Maji ya Betri

Nyumba ya Malezi,
Njombe.
Jumapili, 4 Februari 2024

Mdogo wangu Prosper,

Bwana asifiwe. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku ni ya kukomoa, asubuhi vidole vinagoma hata kushika kijiko. Baba hajambo? Kifua chake je? Mwambie binti yake amenenepa, atafurahi. Ile migomba ya nyuma ya zizi imesimama tena baada ya upepo? Na ng'ombe ameshazaa au bado mnamsubiri?

Usilalamike kwamba nimekusahau. Sisi wanovisi, tunaojiandaa kuwa masista, haturuhusiwi simu mpaka siku ya nadhiri, na barua tunaandika Jumapili ya kwanza ya mwezi tu. Umri wa miaka thelathini na mmoja, nimerudi bweni.

Sasa neno lenyewe. Chini ya kitanda changu, nyuma ya sanduku la mama, kuna maboksi sita. Hujawahi kuyafungua kwa sababu nilikutisha. Ni vipande vya kompyuta ya gemu. Nilivikusanya kimoja kimoja kwa miaka saba niliyokaa na kibanda changu cha ufundi pale Kijenge, Arusha mjini, nikitengeneza mashine za watu, nikijiambia kwamba siku moja nitaunganisha ya kwangu nicheze mpaka macho yaume. Badala yake nimeitwa huku. Ni vyako vyote. Iunganishe mwenyewe, mimi nitakuelekeza kwa barua.

Nikuambie ukweli, siyo zawadi tupu. Wewe ni kitinda mimba, na kwetu Umeruni kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba na wazee. Tangu mama atutoke, baba hawezi kukaa peke yake. Ukiondoka wewe nitarudi mimi, hakuna mwingine. Nadhiri zangu ni Jumapili tarehe 13 Oktoba. Najua unavyoitazama barabara ya lami, Prosper. Siwezi kukufunga kamba. Ninachoweza ni kukupa kitu cha kuifanya nyumba isikubane.

Nikumbuke kwa sala.
Dada yako, Elinipa

* * *

Kikwe,
2 Machi 2024

Dada Elinipa,

Shikamoo. Huku tupo. Ng'ombe kazaa, baba anakohoa lakini anakataa kwamba anakohoa. Migomba miwili imesimama, mmoja tumewapa mbuzi. Baba anasema kama umenenepa basi hao masista wana chakula, na yeye anakuja kuwa mnovisi.

Maboksi nimeyafungua. Uliandika juu ya moja, USIGUSE KWA MIKONO YENYE UDONGO. Dada, mimi mikono yangu ni ya udongo tangu Jumatatu hadi Jumamosi, nani mwingine yuko hapa? Nilinawa mara tatu. Nilipoitoa ile kadi ya grafiki nilikaa nayo mapajani muda mrefu, nzito, na mafeni yake matatu. Baba akaja akasimama mlangoni. Akasema, "Hiyo ndiyo inayotafuna umeme?" Nikamwambia ndiyo hiyo. Akasema, "Basi ilale njaa." Lakini jioni alirudi, akavaa miwani, akaniomba nimuonyeshe kila kipande na kazi yake.

Na mimi nikuambie ukweli. Siku barua yako inafika begi langu lilikuwa limeshafungwa. Brayson, yule niliyesoma naye, yuko Dar, aliniambia nije tu, kazi zitatafutwa huko huko. Nina miaka ishirini na mitatu, dada. Nakata majani, nakamua, napalilia kahawa, nalala. Wenzangu wananiita Mzee wa Kikwe. Kuna siku nasimama katikati ya kihamba chetu, kati ya migomba na kahawa, nataka kupiga kelele tu, bila neno.

Nimelifungua begi. Tukubaliane hivi: mashine ikiwaka, nabaki. Isipowaka, usinilaumu.

Maswali. Prosesa inakaa upande gani? Nimeogopa kuivunja. Na mbona feni ya kupoozea prosesa sioni, naona mipira na pampu na kitu kama rejeta ya gari? Kama yanatakiwa maji, niweke maji gani? Ya kwetu unayajua, sufuria zinaota magamba meupe, na meno yetu ndiyo haya ya kahawia.

Ni mimi, Prosper

* * *

Njombe,
Jumapili, 7 Aprili 2024

Prosper,

Marahaba. Ng'ombe kazaa jike au dume? Mwanaume unaandika kurasa mbili na hilo husemi. Baba mpe asali, na umkataze kahawa ya jioni. Hatasikia, lakini mkataze. Mvua huku imekata barabara, ndiyo maana barua yako nimeipata juzi.

Prosesa ina pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona. Ikutanishe na alama ya pembetatu kwenye madabodi, ile sahani kubwa ya saketi, halafu iache ikae yenyewe. Ukiona unatumia nguvu, umekosea. Kabla hujagusa chochote shika kwanza chuma cha kasha, na uvue lile sweta lako la sufi, lina umeme wake. Skrubu za kushikilia madabodi ziko tisa, usikaze moja mpaka mwisho kabla ya nyingine kuingia.

Feni huioni kwa sababu ile prosesa ni ya moto mkali, inapozwa kwa maji. Mtambo huo aliniachia mteja mmoja wa kampuni ya utalii alipohama nchi, hajautumia. Maji yanazunguka ndani ya mipira, pampu inayasukuma, yanachukua joto yanakwenda kulimwaga kwenye hiyo rejeta. Usiweke maji ya kwetu hata tone, yataziba kila kitu mwaka haujaisha. Weka maji ya betri. Chupa mbili zinatosha, duka lolote la spea wanayo.

Umeniambia habari ya begi, nami nikuambie yangu. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuamka na kelele kichwani. Huku zimenyamaza. Sijui kama unaelewa. Nikifikiria kurudi Kikwe kabla ya Oktoba, naona zitaanza tena, na ninajiona mbaya kwa sababu nyumbani ni kwetu na baba ni wangu. Kaa naye. Nakuomba kwa magoti, mimi niliyekubeba mgongoni.

Elinipa

* * *

Kikwe,
Jumapili, 19 Mei 2024

Dada Elinipa,

Shikamoo. Ndama ni jike, baba amempa jina lako, kwa hiyo kila asubuhi nasikia Elinipa akitukanwa kwa kumwaga maziwa. Kifua chake kimepungua. Mvua imekuwa nyingi mno, kahawa ya bondeni inaoza.

Lakini dada, imesimama! Kila kitu kimo ndani ya kasha. Pembetatu ilikutana na pembetatu, prosesa ikakaa yenyewe kama ulivyosema. Skrubu moja ilidondokea chini ya madabodi nikakaa nusu saa naitikisa mashine kichwa chini, baba ananishikia tochi na kunicheka. Nimeuza simu yangu nikanunua kioo cha kutazamia, kwa hiyo usishangae nikiwa sipatikani, tunatumia ya baba. Waya zote nimezipitisha nyuma. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri namna hii, na ninakiri kwamba wiki mbili hizi sijaifikiria Dar.

Kimebaki kitu kimoja, maji. Nimeyapata leo Usa River nilipotoka ibadani. Muuzaji aliniuliza, "Ya betri mpya au ya zamani?" Nikamwambia mpya, maana mali yote imetoka kwenye maboksi, haijawahi kutumika. Akanipa chupa mbili, akasema nizibebe zikiwa zimesimama.

Keshokutwa, Jumanne, baba akitoka shambani tutajaza. Amesema lazima awepo. Anataka kuona kwa macho yake maji yakipita kando ya umeme bila kuua mtu.

Ni mimi, Prosper, ambaye mikono yake ni safi

* * *

Njombe,
Jumapili, 2 Juni 2024

Prosper,

Salamu baadaye. Kama hujajaza yale maji, usijaze. Usifungue chupa.

Barua yako nimeipokea jana jioni na sijalala. Maji ya betri yako aina mbili na jina ni hilo hilo moja. Ya betri ya zamani ni maji safi yasiyo na chumvi, ya kuongezea tu. Ya betri mpya ni asidi. ASIDI, Prosper. Inakula chuma, inakula nguo, inakula ngozi. Muuzaji alikuuliza sawasawa na wewe ukamjibu sawasawa kwa ulivyoelewa. Mimi ndiye fundi, mimi ndiye niliyejua, na nikaandika maneno matatu nikaendelea na mengine.

Kama mmeshamwagikiwa, oshea maji mengi, mengi sana, usiache kuosha. Ninajua leo ni siku kumi na mbili tangu hiyo Jumanne, na naandika "oshea maji" kama mwendawazimu. Sista Mlezi ameniruhusu simu. Yako haipo hewani, umeiuza. Ya baba nimeipiga mara nne, inaita mpaka inakata.

Barua hii anakuja nayo sista mmoja anayesafiri leo kwenda Arusha, ataiacha ofisi ya usharika. Nijibu siku hiyo hiyo. Baba yuko wapi? Kwa nini hapokei simu?

Elinipa

* * *

Kikwe,
Jumapili, 23 Juni 2024

Dada Elinipa,

Shikamoo. Barua yako ilifika, na pole kwa kukosa usingizi. Tulia. Jumanne ile mvua ilinyesha, umeme ukakatika, hatukujaza. Uliponiandikia nilikwenda kuzimwaga zile chupa mbali, kule karibu na korongo. Nimeshapata zile nyingine, za betri ya zamani. Kwa hiyo hakuna kilichotokea.

Simu ya baba ilikuwa inapigwa huku ipo kwenye koti la shambani, unamjua. Yupo, anakusalimu. Siku hizi haendi shambani sana kwa sababu ya baridi. Ndama anakua. Kahawa tutachuma kidogo mwaka huu.

Nisamehe karatasi ina matundu, mende wameingia kwenye droo ya meza. Sina nyingine.

Usijali kitu. Wewe sali, jiandae na Oktoba yako.

Prosper

* * *

Njombe,
Jumapili, 7 Julai 2024

Mdogo wangu Prosper,

Marahaba. Bwana asifiwe sana. Nimeisoma barua yako mara mbili, nikamwambia Sista Mlezi kwamba nyumbani yote ni mema, naye akamshukuru Mungu pamoja nami. Mwambie baba ajifunike vizuri.

Sina mengi. Tumeanza kushona nguo za siku ya nadhiri, na mimi na sindano hatujawahi kupatana, afadhali bisibisi. Mashine ikishawaka niambie jambo moja tu la kiufundi. Ukiiwasha, kabla ya yote kuna ukurasa unaoonyesha joto la prosesa. Soma hiyo namba uniandikie, nijue kama maji yanazunguka vizuri.

Elinipa

* * *

Kikwe,
Jumapili, 11 Agosti 2024

Dada Elinipa,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimechelewa kwa sababu ya kuchuma kahawa, nilikuwa peke yangu na vibarua wawili.

Mashine iliwaka. Taa za ndani ni za bluu. Joto la prosesa linasoma nyuzi kumi na mbili, kwa hiyo maji yanazunguka. Nacheza gemu la mpira na lile la magari. Picha ni nzuri sana, nyasi zinaonekana moja moja. Baba anakaa pembeni ananisikiliza.

Habari ya kuja Njombe tarehe 13 Oktoba. Wazee wa usharika wameniuliza kama tutakuja kukusindikiza, maana ni desturi na wanataka kutuma mchungaji pia. Sijui niseme nini. Safari ni ndefu na baba siku hizi si wa safari. Wewe unaonaje?

Mimi nabaki, kama tulivyokubaliana. Usiwe na wasiwasi na hilo.

Prosper

* * *

Njombe,
Jumapili, 1 Septemba 2024

Prosper,

Hongera sana kwa mashine. Nyuzi kumi na mbili ni vizuri sana, fundi hodari.

Msije. Njia ni mbaya na kifua cha baba kitateseka na baridi hii. Waambie wazee wa usharika nimesema mimi. Nitawaletea picha nikipata likizo.

Mungu akulipe kwa kubaki. Sitaandika tena mpaka baada ya nadhiri, tunaingia kwenye ukimya.

Elinipa

* * *

Kikwe,
14 Oktoba 2024

Dada Elinipa, Sista Elinipa,

Shikamoo. Jana saa nne asubuhi nilimvalisha baba koti lake la suti, tukakaa uani tumeelekea kusini, tukaimba zile nyimbo mbili ulizozipenda. Aliimba yote mpaka mwisho. Hongera.

Sasa umeshaapa, naweza kukuambia. Nilikudanganya. Ile Jumanne tulijaza.

Mvua haikunyesha. Baba alitoka shambani saa kumi, akanawa, akavaa miwani. Nilimimina chupa zote mbili, nikaona moshi kidogo nikadhani ni vumbi la kiwandani. Mipira ile ni ya kuonekana ndani, nikamwambia baba asogee atazame maji yakianza kupita. Akachuchumaa, akavua miwani kwa sababu ilikuwa inamletea ukungu, akasogeza uso. Nikawasha pampu. Mpira mmoja ukachomoka.

Dada, alicheka. Hiyo ndiyo inayoniua. Yalimpiga usoni, akafumba macho akacheka, akasema, "Umenibatiza mara ya pili," akajipangusa kwa kitambaa cha mfukoni. Na mimi nikacheka. Nilijua ni maji. Nikaanza kuurudisha mpira, nikahangaika nao dakika tatu, nne, mkono umeanza kuniwasha, ndipo akaanza kupiga kelele. Ndoo ya maji ilikuwa mlangoni wakati wote huo. Ningemmwagia tangu mwanzo.

Jirani yetu Philemoni alitupeleka kwa gari lake. Ulipokuwa unapiga simu tulikuwa hospitali, Moshi. Walifanya yote waliyoweza, wamemfanyia upasuaji mara mbili. Jicho la kulia halipo. La kushoto anajua kama ni mchana au usiku, basi.

Hiyo mashine haijawahi kuwaka. Asidi ilikula madabodi, ikashuka mpaka kwenye kadi. Ipo kwenye stoo ya kahawa, sijaitazama. Gemu nilizokuandikia nilizisikia kwa watu.

Sikukuambia kwa sababu nilijua ungeacha nadhiri uje. Na ungekuja kwa ajili ya neno moja nililolisema mimi dukani. Mimi ndiye niliyesema mpya. Wewe ulilala sakafuni kando ya kitanda cha mama ukimuuguza miaka miwili, hukuwahi kupata kitu chako. Nikasema safari hii hataitwa. Kila usiku baba akiugulia nilikuwa najiambia hivyo. Yeye naye alikubali. Alisema, "Mwache mtoto aape."

Sasa umejua. Usije mbio. Tumezoea. Namshika mkono anakwenda chooni, anakwenda mpaka kwenye kahawa, anaipapasa ananiambia ipi imeiva.

Ndugu yako, Prosper

* * *

Njombe,
Jumapili, 3 Novemba 2024

Mdogo wangu Prosper,

Bwana asifiwe. Baba hajambo? Kifua chake je? Mwambie binti yake anamkumbuka kila saa.

Nimeandika salamu kwa mazoea, na sasa kalamu imekwama. Sasa naruhusiwa simu. Sikupiga, kwa sababu kwa simu ningelia, wewe ungenibembeleza, na nisingesema ninalotaka kusema.

Nilijua.

Ile barua yako ya Juni ilikuwa na matundu, ukasema mende. Nimefanya kazi na betri za kuhifadhi umeme miaka saba. Mende anatafuna pembeni anaacha alama za meno. Matundu yale yalikuwa ya mviringo, kingo zake zimeungua rangi ya chai, karatasi inavunjika ukiigusa. Ni tone la asidi. Uliandikia kwenye meza ile ile. Nilikaa nayo mkononi kanisani, nikajua kwamba zile chupa zilifunguliwa.

Sikujua nani ameumia. Nilijua kuna mtu. Hukuniandikia hata neno moja la mdomo wa baba, yeye ambaye kila barua ana kichekesho. Sista Mlezi alinifuata akaniuliza, "Unataka kupiga simu tena?" Nikamwambia siyo lazima, nyumbani yote ni mema. Nilisema hivyo, Prosper, na simu ilikuwa mezani.

Halafu nikakuuliza joto la prosesa. Nilijidanganya kwamba nataka uhakika. Ukaniandikia nyuzi kumi na mbili. Hakuna prosesa inayosoma kumi na mbili, hata ukiiwasha hapa Njombe alfajiri. Hapo nilijua kwamba hakuna mashine, na kwamba unanificha jambo kubwa. Nikakuandikia hongera. Na nikawaambia msije, kwa sababu mngekuja ningeona, na nikishaona nisingeweza kuapa.

Niliapa huku najua. Kelele zimerudi kichwani tangu siku ile ile, nikiwa bado nimepiga magoti. Mama Mkuu nimemwambia yote juzi. Amesema anaweza kuniruhusu nije nyumbani, muda wowote nitakaosema, na kwamba siyo yeye wa kuamua.

Ninaogopa kuja. Ninaogopa baba atanipapasa uso. Nakuuliza wewe: nije? Na baba umsomee barua hii yote, usimfiche. Mimi sina mdomo wa kumwambia.

Elinipa

* * *

Kikwe,
Jumapili, 1 Desemba 2024

Dada Elinipa,

Shikamoo. Huku tupo. Mvua za vuli zimechelewa, ndama ameachishwa. Baba anakula.

Barua yako niliisomea stoo, nimefunga mlango. Nilipomaliza nilipiga teke lile kasha mpaka kidole kikavuja damu. Sasa kimepona, ndiyo maana naandika.

Sina la kukuambia kuhusu asidi. Lile neno tuligawane, nusu yako nusu yangu, limeshapita. Ni hili la pili. Miezi mitano, dada. Nilikuwa nikimuosha baba kidonda cha jicho lililotolewa, anajikaza asilie, na mimi nasema moyoni, sawa, lakini kuna mtu mmoja analala kwa amani kwa sababu yangu. Nilitaka kukupa kitu. Kumbe ulikuwa umeshakichukua, unanitazama tu ninavyojitesa kukifunga vizuri.

Unaniuliza uje au usije. Ulipokuwa hutaki kuja hukuniuliza. Usinipe mzigo huo, mikono yangu imejaa.

Baba alisikia nikichana bahasha, siku hizi anasikia kila kitu. Jioni akaniita, akaniambia kaa hapa unisomee ya Elinipa. Nikakaa. Nikamsomea: Bwana asifiwe. Baba hajambo? Kifua chake je? Mwambie binti yake anamkumbuka kila saa. Nikaikunja nikaiweka mfukoni.

Alibaki amenigeuzia sikio, anasubiri. Kisha akauliza, "Ndiyo imeisha?"

Nikamwambia ndiyo, baba. Imeisha.

Prosper